Wanaohama tunawahesabu, wasiokuja je?

Mhariri, salamu. Kuna msomaji wenu aliandika eti wahamiaji wakijaa mji basi wazawa wanabeba mizigo yao wanasepa, na ushahidi wake ni majirani walioondoka. Mi sikatai, wapo wanaoondoka, ila hapo kahesabu wanaotoka tu.

Angalia Ujerumani 1991. Waliwaruhusu Wacheki wafanye kazi maeneo ya mpakani lakini wasihamie, yaani asubuhi unavuka, jioni unarudi kwenu. Mimi naupenda mfano huo kwa sababu huwezi kusingizia kwamba wageni walipandisha bei ya kupanga nyumba ndo wazawa wakaondoka, maana hawakupanga nyumba kule. Wachumi walipokuja kupiga hesabu wakakuta mishahara ya Wajerumani imeshuka kidogo tu, ila ajira zao zilipungua kweli, na kilichozipunguza zaidi sio watu kufukuzwa wala kuhama, ni wapya kutoingia, yaani Mjerumani ambaye siku nyingine angekuja kuomba kazi pale hakuja au hakuchukuliwa. Sasa mtu kama huyo jirani atamwonaje akiondoka wakati hajawahi kufika?

Ndo maana ubishi wa wachumi kuhusu mji wa Miami, kule Florida, Marekani, hauishi. 1980 Wacuba kama 125,000 walitoka bandari ya Mariel wakaingia Florida, nguvukazi ya Miami ikapanda karibu asilimia 7 ndani ya miezi, halafu mchumi David Card akaandika mwaka 1990 kwamba mishahara ya wenye ujuzi mdogo haikutetereka. Mchumi mwingine, George Borjas, akaja kumpinga, akawachambua wanaume wasiomaliza sekondari peke yao, akasema hao waliumia sana. Huyo huyo Borjas anasema wazawa wakihama, au wakiacha kwenda, maumivu yanasambaa nchi nzima, kwa hiyo ukilinganisha mji na mji huoni kitu. Card naye na mwenzake DiNardo mwaka 2000 walitafuta huko kuhama kwa wazawa hawakukuona. Wataalamu wenyewe ndo hao, sembuse sisi.

Halafu wengine hawahami mji, wanahama kazi, mzawa anaachia kazi ya misuli anaenda ile ya kuongea na wateja au kusimamia wenzake, maana lugha anayo. Anaweza hiyo kijana, mtu wa miaka 55 aliyezoea sululu sijui.

Kwa hiyo namuuliza ndugu yangu msomaji, kwenye ile hesabu yake ya majirani, waliokuwa wanakuja kutafuta kazi hapo kila mwaka siku hizi wanaenda wapi?

Msomaji wenu wa siku nyingi