Nyonga inabana chini ya chuma, na nyumbani imekuwa kichekesho

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku nikiwa jikoni, wenzangu wote wamelala. Nimejaribu kulalia ubavu wa kulia nimeshindwa. Nimegeukia wa kushoto, goti la juu likaangukia mbele, nyonga ikavuta, nikaona potelea mbali, niamke niandike.

Swali langu ni la mazoezi tu, naomba lisigeuzwe jingine. Nina miaka 36 na huu ni mwaka wa tatu nanyanyua chuma. Jimu yenyewe ni hizi zetu za mtaani unazozijua, bati juu, feni moja, vyuma vingine vya dukani na vingine makopo yaliyojazwa saruji. Nikiweka chuma mabegani nikapiga skwati, makalio yakishapita usawa wa magoti tu, upande wa kulia kuna kitu kinabana. Si mgongo wala si nyuma. Ni mbele kabisa, pale paja linapokutana na tumbo. Kama kidole kilichobanwa na mlango, nikisimama kinaachia. Kwa kilo 40 nasikia kwa mbali, kwa kilo 60 natoa machozi. Nikikaa kwenye daladala, foleni ya nusu saa tu, nikishuka nachechemea hatua tano sita ndipo mguu ukubali. Kiatu cha kulia nakivaa kwa kuinua mguu na mikono miwili kama mzigo.

Mume wangu alicheka, Shangazi. Mbele ya watu.

Ilikuwa arobaini ya baba yake mdogo. Tumekaa mkekani tangu asubuhi, na wewe unajua kukaa mkekani kwa ukweni, huwezi kunyoosha miguu kama uko kwako. Kufika wakati wa kunyanyuka kwenda kupakua, nyonga imekufa. Wifi akanivuta mkono. Mama mkwe akauliza, "Una nini mwanangu?" Na mimi kwa ujinga wangu nikajibu ukweli, nikasema nyonga inaniuma. Ningesema mguu yangeisha. Mume wangu alikuwa mlangoni na ndugu zake, akadakia: "Nyonga imechoka kwa chuma hiyo mama, kwangu mimi mwaka mzima haijachoka." Walicheka hadi shemeji mmoja akamwaga chai. Nikaingia kupakua wali kwa watu 60 na nyonga yangu hiyo hiyo.

Sisemi hana haki ya kutania. Tunataniana sana, ndivyo tulivyooana. Lakini aliyeninunulia raba za kwanza za mazoezi ni yeye, baada ya kipimo kuonyesha sukari inapanda, na mama yangu mzazi sukari ndiyo ilimuondoa. Sasa sukari imeshuka, nimepungua kilo 14, leo chuma ndiyo mume mwenzie? Na nyumba sijaiacha. Naenda jimu siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri, saa moja nimesharudi, mtoto ameshakunywa uji. Sijui mwanamke gani mwingine wa mtaa huu anaamka muda huo bila kulipwa.

Nirudi kwenye nyonga. Kocha wetu aliniambia nitanue miguu zaidi, vidole vitazame nje, na nikishuka magoti yafuate vidole. Kweli ilipungua. Akaniwekea kibao chini ya visigino nisiinamie sana mbele, nayo ikasaidia kidogo. Mwenzangu mmoja akasema ni misuli imekaza, nilale chali nivute goti hadi kifuani kila usiku. Nilivuta wiki nzima, nikawa siwezi hata kupanda bajaji. Usimsikilize mtu yeyote anayekwambia uvute goti.

Mwezi wa tatu nilikwenda hospitali, kijana wa mazoezi ya viungo akanilaza, akakunja goti langu la kulia, akalivusha kuelekea upande wa kushoto huku anazungusha mguu, nikaruka kitandani. Alisema hapo ndipo penyewe. Nikapigwa picha. Akanionyesha kwa kalamu: kichwa cha mfupa wa paja kimekaa ndani ya kikombe cha nyonga, na pale shingoni mwa mfupa nina kinundu, kwa hiyo nikikunja sana kinagonga ukingo wa kikombe. Akasema wako wengi wenye kinundu hicho na hawaumwi kitu, nisiogope, upasuaji si jambo la kuanza nalo. Nipunguze uzito, niweke benchi nyuma nikomee pale makalio yanapoligusa, nilale chali nipandishe kiuno kuimarisha makalio, nifanye hivyo wiki 12 kisha nirudi.

Nilifanya siku tisa.

Usinigombeze. Pale jimu ukutani tumeandika kwa chaki, kila mtu na kilo zake. Yangu ilikuwa 70, na mimi mwenyewe siku ile nilikuwa na kilo 71. Kila nikiingia naiangalia. Nikiwa kwenye benchi yangu na chuma kitupu cha kilo 20, akaja binti mmoja mgeni, akafika 75, namba yangu ikashushwa chini yake. Hakuna aliyenisema, hata kocha hakunisema. Lakini kesho yake nilirudi kwenye 60.

Na nilirudije na maumivu? Hapa ndipo sijamwambia mtu. Mimi nauza duka la dawa. Nilianza kumeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, moja ya miligramu 50 nusu saa kabla ya mazoezi, na uji, ili tumbo lisiniume. Ikikolea napiga skwati kama msichana wa miaka 20. Ilianza siku za mazoezi tu. Siku hizi na siku zisizo za mazoezi, maana kutwa nasimama kaunta. Huu ni mwezi wa tano nameza. Mteja akija kuniomba hivyo miezi mitano mfululizo mimi mwenyewe ningemfukuza aende akapime figo.

Mama mkwe tangu zamani anasema chuma kinabana kizazi. Anasema mwanamke akibeba mizigo ya kiume tumbo linakataa. Nilimjibu vibaya siku moja, nikamwambia mama, wanawake wa kijijini kwenu wanabeba ndoo ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni na wana watoto tisa. Alinyamaza. Nilijiona nimeshinda. Mtoto wetu ana miaka saba, na mimi sina haraka ya mwingine, nimeshasema hivyo mbele ya watu wote wa ukoo ule.

Ila juzi dukani hakukuwa na wateja, nikafungua boksi nikasoma ile karatasi yenye maandishi ya sisimizi ambayo hakuna anayeisoma. Imeandikwa kwamba dawa hii inaweza kuzuia mwanamke kushika mimba, na haishauriwi kwa anayetafuta mtoto. Niliisoma mara tatu. Nimeuza dawa hii miaka sita.

Shangazi, kwenye simu yangu kuna kalenda nahesabu siku tangu mwaka jana mwezi wa nane. Mume wangu hajui kama nahesabu. Anadhani nikimgeuzia mgongo ni kwa sababu ya chuma, kumbe siku nyingine ni nyonga, haifunguki, naona aibu kumwambia baada ya yale ya mkekani. Na siku za kalenda zikifika namwita mwenyewe, nabana meno. Anafurahi. Halafu anakwenda kusema mwaka mzima haijachoka, mbele ya mama yake.

Sasa nikimwambia habari ya vidonge, itakuwa mama yake alisema kweli, kwamba chuma ndicho kimefunga tumbo, japokuwa si chuma, ni dawa, na dawa ni kwa ajili ya nyonga, na nyonga ni kwa ajili ya chuma. Unaona inavyorudi? Nikiacha dawa siwezi kilo 60. Nikiacha kilo 60 narudi kwenye benchi na chuma kitupu, wiki 12, na binti yule ananitazama. Nikiacha jimu kabisa naogopa sukari. Na sitaki kuacha. Kuna siku nataka kuacha.

Kwa hiyo naomba unisaidie kwanza hili la skwati, kama kuna aliyepona bila kuacha kushuka chini, alifanyaje, alikaa muda gani. Hilo la karatasi ya dawa nijibu kwa kifupi tu, nikiacha leo inatoka mwilini baada ya siku ngapi, na miezi hii iliyopita nihesabu imepotea au vipi. Na kama lazima mume aambiwe, nianzie wapi ili asicheke.

Jina langu usiliweke, wala mtaa. Kinyozi wake huwa anamsomea barua zako kwa sauti.

Kesho ni Alhamisi, zamu ya skwati. Kidonge nimeshakitoa kwenye karatasi yake, kipo hapa mezani karibu na sufuria ya uji.

Wako,
Mama wa mmoja