Risala ya klabu yetu ya bayoinfomatiki kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa idara, mlezi wa klabu, walimu, wageni waalikwa, wanachama wenzangu, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za mchana.

Kwanza tunashukuru umekuja. Tulivyoandika barua ya mwaliko kuna mwenzetu alisema mtu wa maabara ya hospitali ana kazi zake, hawezi kuacha darubini aje kuangalia vijana wanaochapa maneno kwenye skrini nyeusi, na leo umekaa hapo mbele kwa hiyo soda za leo zote anazilipia yeye.

Historia yetu ni fupi. Bayoinfomatiki ni kuchambua DNA na data za biolojia kwa kompyuta. Tulianza watu sita, wanne wa biolojia na wawili wa kompyuta ambao kiukweli walikuja kwa sababu kulikua na feni, saivi tupo 31. Tunakutana Jumamosi, tunafundishana Linux, ambao ni mfumo wa kuendesha kompyuta, na lugha za programu za Python na R. Mlezi wetu alipitia ile kozi ya utangulizi ya H3ABioNet, mtandao wa bayoinfomatiki wa Afrika ulioanza 2012 ukiratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, kozi ambayo toka 2016 ilikua inafundishwa kwa wakati mmoja kwenye madarasa ya nchi nyingi za Afrika, na yeye ndo akatuletea huu ugonjwa.

Sasa mheshimiwa, watu wanatuuliza nyie mnafanya nini hasa, na wazazi wetu wanajua tunatengeneza simu. Tulipata mfano mmoja ambao mpaka bibi yangu aliuelewa. Mashine ya kusoma DNA haisomi kama mtu anavyosoma barua kutoka juu mpaka chini. Wewe chukua nakala 30 za gazeti lilelile la jana, mpe mama muuza maandazi azichane zote za kufungia, vipande vidogovidogo vya herufi kama 150 hivi, vyote vimechanganyika kwenye ndoo moja na vingine vimelowa mafuta havisomeki, alafu mtu anakuletea ile ndoo anasema naomba gazeti langu. Ndo kazi yetu hiyo. Programu ya FastQC inatuambia vipande vimelowa mafuta kiasi gani, maana kila herufi inakuja na alama ya ubora, ikiwa 30 unategemea kosa moja kwenye herufi 1,000, ikiwa 10 ni kosa moja kwenye kila herufi kumi na hapo unatupa tu. Baada ya hapo programu nyingine, BWA, inachukua kila kipande na kutafuta kinakaa ukurasa gani kwa kulinganisha na gazeti kamili ambalo wenzetu walishalikusanya zamani, alafu programu ya bcftools inapita herufi kwa herufi ikiuliza, hapa sampuli yenu imeandika tofauti au vilevile?

Tulianza na jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, tamaa tu. Herufi bilioni 3 kwenye laptopu yenye memori ya 4GB, ikaganda, tukaiwasha upya, ikaganda tena, ikabidi tukae chini tujiulize. Ndo tukahamia kwa kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, herufi milioni 23 hivi, kromosomu 14, jeni zaidi ya 5,000, ramani yake nzima ipo wazi toka 2002. Huyo laptopu zetu zinamuweza. Na kiukweli huyo ndo wa kwetu zaidi, hakuna mtu humu ndani ambae hajawahi kumeza mseto.

Na hapa naomba nikae kidogo mheshimiwa maana hapa ndo moyo wa risala yetu ulipo. Wewe kwenye darubini unamuona kimelea, unamhesabu, lakini huwezi kuona kama ana mabadiliko kwenye jeni ya kelch13. Jeni hii ndo ilitambuliwa 2014, kwa vimelea vya Kambodia, kwamba ikibadilika sehemu fulani basi artemisinini, ile dawa kuu iliyomo kwenye mseto, inachelewa kumsafisha kimelea kwenye damu. Mwaka 2020 ikatoka taarifa ya Rwanda, badiliko linaitwa R561H, yaani kwenye nafasi ya 561 ya protini palipotakiwa kuwa na amino asidi ya arginini pamekaa histidini, basi, herufi moja tu ya DNA. Baadae likaonekana Kagera, hapa kwetu. Dawa mseto bado inatibu, tusitishane, ila mseto una dawa mbili na mmoja akianza kuchoka mwenzake anabeba mzigo peke yake.

Swali la kwanza watu walilouliza ni je, limetoka Asia na ndege? Hilo swali hulijibu kwa darubini wala kwa pasipoti. Unaangalia majirani, zile herufi zinazozunguka jeni kulia na kushoto, maana badiliko linarithiwa pamoja na mtaa wake. Mtaa wa vimelea vya Rwanda haukufanana na wa Asia, ina maana limezaliwa hukuhuku Afrika, na vimelea vya Kagera vikafanana na vya Rwanda. Yaani kwa kompyuta tu umejua huyu mgeni ni wa mpakani na sio wa ng'ambo, na ukishajua hivo hata ulinzi unajua uuweke wapi.

Sisi tunajifunza hayo kwa data za wazi. MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa malaria, wametoa data za sampuli zaidi ya 20,000 kutoka nchi nyingi, bure, Tanzania ikiwemo, tatizo ni bando tu. Na tumekosea sana tu. Muhula uliopita tulishangilia kweli, tumepata badiliko jipya kwenye kelch13 ambalo hatujaliona popote, mmoja alishaanza kuandika kichwa cha makala, mlezi akaja akauliza swali moja, hapo pamesomwa mara ngapi? Mara mbili. Vipande viwili vya gazeti, na kimoja kina mafuta. Tukafuta kimyakimya.

Kuna lingine la Excel ambalo nalisema kwa sababu najua hospitali zote mnaitumia. Ukiandika jeni ya binadamu inayoitwa MARCH1, Excel inadhani ni tarehe, inakuandikia mosi Machi, SEPT1 nayo inageuka Septemba. Mwaka 2016 wataalamu walikagua makala za jenomu zilizoambatanishwa orodha za jeni za Excel wakakuta karibu moja kati ya tano ina kosa la aina hii, mpaka 2020 waliohusika na kupanga majina ya jeni wakasalimu amri wakabadilisha, saivi ni MARCHF1 na SEPTIN1. Jeni imebadilishwa jina kwa sababu ya Excel, sio mimi nasema.

Changamoto sasa. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya masaa tisa ulikua unaanza moja, tumejifunza Snakemake, programu ya kupanga hatua za kazi, ambayo inaendelea ilipoishia, lakini hatua iliyokua inaendelea bado inakufa. Alafu kuna hili la mafunzo kwa vitendo. Mwaka jana wenzetu watatu walipeleka barua ofisi moja wakaambiwa nyie kama ni watu wa kompyuta nendeni mkatengeneze printa, kama ni wa biolojia mbona hamjui kuandaa slaidi. Walirudi kimya sana, mmoja hajaja tena klabu.

Kwa hiyo mheshimiwa ombi letu kubwa kuliko yote sio hela. Tunaomba upokee vijana wawili kila likizo maabara kwako, wakae na watu wanaokusanya sampuli, wajue hiyo ndoo inajazwaje kabla haijafika kwetu. La pili ni kompyuta moja yenye memori ya 64GB na UPS yake, hata ikiwa imetumika, tutaifuta vumbi wenyewe.

Pale meza ya nyuma tumeweka laptopu inasoma sampuli moja ya malaria sasa hivi tunapoongea, imefika kromosomu ya 11. Tunaomba kabla ya chakula upite uione, na upite mapema, maana jana muda kama huu umeme ulikatika.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama