Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwani Wetu na Soko la Nje

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, kwa hiyo mimi nitaanza na swali aliloniuliza mwenzetu mmoja siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa na sote tumeinama tukifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Aliniuliza: "Bi Mwenyekiti, huyu mnunuzi wa ng'ambo anatunufaisha sisi, au sisi ndio tunaomnufaisha yeye?" Swali lile ni zito, na taarifa yangu yote ni jaribio la kulijibu.

Tukumbuke kwanza kwamba kilimo hiki chenyewe kililetwa na biashara. Mbegu za spinosum na cottonii, aina mbili za mwani tunazolima, zilizopandwa katika vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989 asili yake ni Ufilipino, na zilifika kwetu kwa sababu viwanda vya nje vilikuwa vinatafuta karajinani, ule utomvu wa mwani unaogandisha aiskrimu na kushikanisha dawa ya meno. Karafuu nazo zilitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na katika karne ya 19 ndizo zilizoifanya Zanzibar ijulikane masoko ya mbali, enzi za Sayyid Said ambaye mwaka 1833 alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Kwa hiyo visiwa hivi vimeishi kwa kupokea na kupeleka tangu zamani, na sioni namna ya kuishi vikijifungia.

Faida kwa nchi inaonekana vizuri ukifuata gunia moja. Likipimwa hapa kijijini, mkulima analipwa shilingi. Likifika bandarini, wachukuzi na wenye malori wanapata chao, na Serikali nayo inapata ushuru wake. Mnunuzi wa nje akilipa, dola zinaingia benki, na dola hizo ndizo anazozihitaji mfanyabiashara wa mjini anapoagiza mchele, unga wa ngano na mafuta, vitu ambavyo sehemu kubwa yake tunaviagiza kutoka nje. Nyumbani faida ni ya karibu zaidi. Kabla ya mwani, mwanamke wa pwani ya mashariki alikuwa akisokota kamba za makumbi na kuchokoa pweza, na fedha aliyoipata ilikuwa kidogo sana. Leo kuna nyumba za matofali na mabati katika vijiji vyetu ambazo zimejengwa na akina mama kwa mwani, na watoto waliosomeshwa kwa mwani. Mimi ni mmoja wa akina mama hao, na nalisema hili kwa shukrani.

Hata hivyo, soko hilo halina huruma na uzembe, na mwaka huu tumelijua hilo. Mzigo wetu mmoja ulirudishwa. Nilikuwepo ghalani mnunuzi alipofungua gunia, akalikung'uta juu ya sakafu, na mchanga ukamwagika mbele ya macho yetu. Mwani wenyewe ulikuwa bado laini mkononi, haujakauka. Sikuwa na la kumjibu, maana tulikuwa tumeuanika chini, ufukweni, kwa haraka ya kupata fedha kabla ya sikukuu.

Jambo la pili linalonikera ni bei. Wakulima wakubwa wa mwani wa aina yetu duniani wako Indonesia na Ufilipino, nasi hatuna sauti katika kupanga bei inayofika kwetu. Cottonii yenye bei nzuri inakufa kwa joto la maji ya kina kifupi, tumebaki na spinosum ya bei ya chini, na karibu yote inatoka ikiwa ghafi. Thamani kubwa inapatikana kiwandani, na vingi vya viwanda hivyo viko nchi nyingine. Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote juhudi za kusindika mwani hapa hapa Zanzibar, pamoja na kazi ya watafiti kama Dkt. Flower Msuya, waliofundisha wakulima kutengeneza sabuni na unga wa mwani na kupanda cottonii kwenye maji ya kina kirefu. Sehemu ya maarifa hayo tumeyapata kwa kushirikiana na watu wa nje, kama tulivyozipata mbegu.

Jibu langu kwa mwenzetu, basi, ni kwamba tunanufaishana, ila fungu letu ni dogo kuliko kazi yetu, na litakua tukiuza mwani mkavu na safi, na tukiuza baadhi yake ukiwa umeshasagwa. Kamati inapendekeza mambo mawili: kila kikundi kiwe na chanja yake ya kuanikia, na asiyeanika juu ya chanja mwani wake usipokelewe ghalani kwa jina la chama, pia fungu la akiba yetu litumike kununua mashine ndogo ya kusaga. Miti ya chanja itagawiwa siku ya maji mafu, ambapo hakuna anayeshuka pwani, na naomba kila kikundi kilete watu wanne wa kuibeba.