Risala ya Klabu ya Mwani na Ufugaji wa Samaki kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Mwalimu Mkuu na walimu wenzetu,
Wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Wazazi na wanafunzi,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na wewe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa idhini yako, risala hii itapunguza sifa na kueleza kazi. Tunataka ujue hasa kile wanafunzi wa klabu wanachofundishwa, maana maombi tutakayoyatoa mwishoni hayataeleweka vizuri bila hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, baada ya utafiti wa miaka mingi ambao jina la Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haliwezi kuachwa. Tangu hapo kazi hii imeshikwa zaidi na mama zetu. Watoto wengi wa vijiji vya pwani wanajua kufunga mwani tangu wadogo. Wasichokijua ni kwa nini kamba moja inatoa kilo 25 na ya jirani inabaki na taitai tupu, yaani vikamba vya kufungia mbegu. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Kabla ya kushika kamba, mwanafunzi hufundishwa kusoma maji. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, kila baada ya wiki mbili hivi. Siku hizo maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4, na kupwa kwenyewe huangukia kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Siku za maji mafu bahari hairudi nyuma vya kutosha, na mashamba ya mbali hayafikiki kwa miguu. Kwa hiyo kupanda, kusafisha na kuvuna vyote vina siku chache tu katika kila bamvua. Asiyejua kalenda hiyo atafika ufukweni na kisu chake akute maji ya kifua.

Katika kuchagua eneo, tunawafundisha kutafuta mchanga wenye majani machache ya bahari, mkondo wa wastani, na kina kinachobakisha maji ya sentimita 30 hadi 60 hata bamvua inapokupwa sana. Mwani ukibaki wazi juani kwa saa nzima huungua. Sehemu yenye tope hufunika matawi, na sehemu inayopokea maji ya mvua kutoka nchi kavu hupunguza chumvi. Mwani unataka gramu 30 hadi 35 za chumvi kwa kila lita na joto la nyuzi 25 hadi 30.

Vigingi tunashauri viwe vya mvinje, si vya mkoko. Kamba ni ya milimita 4, urefu mita 10, na taitai hufungwa kila baada ya sentimita 20. Hivyo kamba moja inabeba mafundo 50. Kila fundo likiwa na mbegu ya gramu 100, kamba inahitaji kilo 5 za mbegu. Mbegu hukatwa kwa kisu kikali kwenye ncha changa zenye rangi iliyokolea. Kunyofoa kwa mkono huacha kidonda kilichochanika, na maradhi huingilia hapo. Mbegu ikishakatwa ikae kivulini, ifunikwe kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na irudi baharini ndani ya kupwa kulekule. Ama fundo, likibana sana litakata tawi linaponenepa, likilegea mno mawimbi yataondoka nalo. Kipimo chetu ni kidole kimoja kupita kati ya taitai na tawi.

Hapo hesabu za darasani hupata kazi. Mwani unaokua kwa asilimia 4 kwa siku huligeuza fundo la gramu 100 kuwa gramu 500 na ushei baada ya siku 42. Ukikua kwa asilimia 2, siku zilezile zinaishia kwenye gramu 230. Mwanafunzi hupima mafundo 10 yaleyale kila bamvua, anaandika, anachora grafu, na grafu ndiyo inayomwambia kama shamba lina tatizo kabla jicho halijaliona. Kamba iliyofikia gramu 500 kwa fundo inatoa kilo 25. Kilo 5 zinarudi kuwa mbegu, 20 zinakwenda chanjani kukaushwa. Kwa kuwa kilo 7 hadi 8 mbichi hutoa kilo 1 kavu, mavuno ya kamba hiyo ni kilo 2 na nusu hadi 3 za kuuza. Tunaona ni vyema kijana aijue hesabu hii mapema, kabla hajaambiwa na mtu kwamba mwani ni utajiri wa haraka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tatizo kubwa ni mwani kugeuka mweupe. Tawi hupauka, hulainika kwa katikati, kisha hukatika na kwenda na maji. Wengi husema ni ugonjwa uliotoka kwa jirani. Chanzo chake hasa ni mwani kuchoshwa: joto la kaskazi kwenye maji madogo, chumvi kushuka wakati wa masika, au mwanga hafifu kwenye maji machafu. Ukishachoka, bakteria waliokuwamo majini siku zote humalizia kazi. Hakuna dawa ya kumwaga baharini. Kinachofanyika ni kuvuna mapema sehemu nzima, kuzitoa nje ya bahari zile nyeupe badala ya kuzitupa hapohapo, na kuhamishia mbegu kwenye maji yenye kina na mkondo zaidi. Kati ya aina mbili za mwani tunazozitaja, kotonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko spinosamu, ndiyo inayoumia zaidi. Mkulima wa maji madogo akilazimisha kotonii wakati wa joto, anapoteza mavuno na mbegu pamoja.

Dalili nyingine husomwa kwa karibu. Ncha zikiwa zimekatika zote kwa urefu mmoja na shina likabaki zima, huyo ni tasi, samaki anayekula mwani. Matawi yakiwa na nyuzinyuzi za kahawia zinazoteleza, ni mimea mingine imeyapanda na inayanyima mwanga. Kamba itikiswe na kusafishwa kwa mkono kila bamvua.

Baada ya kuvuna, hasara nyingi hutokea nchi kavu. Mwani ukianikwa mchangani huokota mchanga, na mnunuzi hukata bei au huukataa. Ukinyeshewa mvua, maji baridi huosha chumvi na kuharibu karajinani, kile kitu kinachogandisha ambacho viwanda hukitafuta kwa ajili ya vyakula na dawa ya meno. Tunafundisha chanja ya urefu wa kiunoni yenye wavu, tabaka jembamba, kugeuza mara kadhaa kwa siku, na turubai karibu. Jua zuri hukausha kwa siku 2 au 3 hadi unyevu wa karibu asilimia 35. Mwani uliofikia hapo hupindika bila kuvunjika, haushiki mkono, na una chembe za chumvi ambazo hukung'utwa kabla ya kufungwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Upande wa samaki tumechagua mwatiko. Anakula utelezi na vijimea vya chini ya bwawa, na anastahimili maji ya chumvi nyingi hata ya chumvi kidogo sana. Perege ni samaki mzuri, lakini huzaa akiwa bado mdogo na bwawa hujaa vidagaa visivyouzika. Mwatiko hazai bwawani, kwani hukomaa baada ya miaka kama 5 na hutaga baharini. Faida ni kwamba wote hukua kwa usawa. Gharama ni kwamba kila msimu lazima utafute vifaranga upya.

Bwawa la mafunzo tunalolielekeza ni la mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500, lenye kina cha mita 1, kwenye eneo tupu la chumvi nyuma ya mikoko. Mikoko haikatwi, na hili halina mjadala katika klabu. Udongo hupimwa kwa kufinyanga tonge bichi na kulirusha juu: likidakwa bila kumeguka, mfinyanzi unatosha kujenga tuta. Kipimo cha pili husahauliwa na wengi. Udongo wa mikokoni ukifukuliwa na kupigwa na hewa unaweza kugeuka tindikali. Ukiona madoa ya manjano na rangi ya kutu kwenye tuta, ujue mvua ya kwanza itateremsha tindikali hiyo bwawani na samaki watakufa bila jeraha lolote. Bwawa la aina hiyo hujazwa na kumwagwa bamvua kadhaa kwanza, halafu tuta lenyewe hunyunyiziwa chokaa.

Tuta liwe na upana wa mita 1 juu, mteremko wa moja kwa mbili, na lipite maji ya juu kabisa ya bamvua kwa nusu mita. Lango liwekewe nyavu mbili, yenye matundu makubwa kwa nje na ya chandarua kwa ndani. Wavu wa ndani ukitoboka, vichewa vidogo huingia na maji, hukaa kimya, na siku ya kuvuna unakuta chewa wawili walionona mahali pa mwatiko mia.

Kabla ya vifaranga, bwawa hukaushwa mpaka tope lipasuke, kisha chokaa ya kilimo kilo 75 na samadi ya kuku kilo 50 kwa eneo lote. Maji huingizwa sentimita 5 hadi 10 tu na kuachwa wiki moja, ili jua lifike chini na utelezi wa kijani uote. Huo ndio chakula cha kwanza. Baadaye maji hupandishwa kidogokidogo. Anayejaza mita nzima siku ya kwanza atamlisha mwatiko kwa pumba tangu mwanzo na kulalamika kwamba ufugaji ni ghali.

Vifaranga hukusanywa kwenye vidimbwi vya mikokoni baada ya bamvua. Wachanga kabisa huonekana kama kioo chenye nukta tatu nyeusi, macho mawili na tumbo. Wakikua kidogo hupata rangi ya fedha na mkia uliogawanyika sana, na mwanafunzi hufundishwa kuwatenga na mkizi na samaki walao wenzao. Mfuko waliobebewa huelea bwawani dakika 15 hadi 30, kisha maji ya bwawa huongezwa kidogokidogo. Kumwaga moja kwa moja huua kwa tofauti ya joto na chumvi, na mara nyingi vifo huonekana kesho yake, wakati hakuna anayekumbuka sababu. Kwa bwawa hili ni vifaranga 500 kama hakuna chakula cha ziada, na hadi 1,000 kama kipo.

Chakula ni pumba za mpunga, mashudu ya nazi na unga wa dagaa, asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa samaki wote kwa siku. Samaki 500 wa gramu 100 ni kilo 50, na asilimia 4 yake ni kilo 2, nusu asubuhi na nusu alasiri. Uzito hukadiriwa kila mwezi kwa kupima samaki 20 au 30.

Maji hupimwa kwa mkono: ukizamisha kiganja na kikapotea kabla maji hayajafika kiwiko, kijani kimezidi. Simamisha samadi. Mimea hiyo hutoa hewa mchana na kuivuta usiku, hivyo hatari iko alfajiri. Samaki wakija juu kuhema saa kumi na moja alfajiri, ingiza maji mapya na siku hiyo usilishe. Kwa kawaida theluthi moja ya maji hubadilishwa kila bamvua, na kwa bahati nzuri maji makuu huja jioni, baada ya masomo.

Mavuno ni miezi 6 hadi 8, samaki wa gramu 300 hadi 500. Mwatiko hupenda kukimbilia maji yanayoingia. Bwawa likishapunguzwa, fungua lango bamvua inapojaa, nao watajikusanya wenyewe mbele yake. Barafu iwepo tayari, kilo kwa kilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tuna maombi manne. La kwanza halihitaji fedha: bamvua inakupwa wanafunzi wakiwa darasani, na ratiba ya skuli inafuata wiki ilhali bahari inafuata mwezi. Tunaomba utusaidie kupata ridhaa ya Wizara ili vipindi vya vitendo viwekwe kwa kalenda ya maji, na vipindi vitakavyoachwa vifidiwe siku za maji mafu.

La pili ni vifaa: kipima chumvi, vipimajoto viwili, mizani ya kidijitali, na viatu vya kufunika mguu mzima kwa ajili ya mawe na samaki aitwaye taa.

La tatu ni chanja na turubai.

La nne tunaliona zito kuliko yote. Joto linasukuma kotonii kwenda maji marefu, ambako hupandwa kwa maboya na nyavu za bomba na kufikiwa kwa chombo. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea. Wasichana wa klabu hii wakimaliza skuli bila ujuzi huo, watabaki kwenye maji madogo ambako mwani unakufa. Tunaomba mwalimu wa kuogelea wa kike, jaketi za kuokolea, na neno lako kwa wazazi waliopo hapa ili waridhie.

Naomba kuwasilisha.