Jeli ya zabibu Jumamosi: someni kabla hamjaja

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa tatu asubuhi tunapika jeli ya zabibu, ile ya sukari kidogo. Zabibu zenu za Makutupora zinifikie Ijumaa mchana, zilizoiva pamoja na chache zenye ukali bado, maana hizo ndizo zenye pektini zaidi, ile kitu ya tunda inayogandisha jeli.

Ijumaa hiyohiyo tutakamua, juisi ilale kwenye friji. Asubuhi tunaimimina taratibu, mashapo yabaki chini, la sivyo jeli itakuwa na chenga kama mchanga.

Sasa sukari, naona imetugawa: wengine mnataka tupunguze tu vikombe, wengine tuweke asali. Pektini ya kawaida haigandi bila sukari nyingi. Ukipunguza tu vikombe utapata sharubati. Nimeagiza ile inayoganda kwa kalsiamu. Na jamani, anayetaka kuleta asali ajue asali nayo ni sukari!

Chupa ziwe safi na za moto, juu ibaki nafasi ya nusu sentimita hivi. Mifuniko mipya tu, iliyokwisha kutumika haibani vizuri. Zitachemka zikiwa zimezama kabisa majini dakika 10. Mkiona mapishi yanasema 5, hayo ni ya watu wa usawa wa bahari. Dodoma tuko juu ya mita 1,000 na maji yetu huchemka kabla ya nyuzi 100.

Chupa ambayo mfuniko haukubonyea ikipoa, ipelekwe friji iliwe kwanza. Iliyofunguliwa pia ikae friji, sukari kidogo haihifadhi muda mrefu.

Pesa ya gesi apewe mweka hazina, si mimi.