Kipande cha pili cha kanga

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali, salio likaisha nikiwa bado natafuta maneno. Ulisema, "Mama, hivi waandishi wa Rwanda hawana la kuandika zaidi ya vifo?" Sikukasirika, maana na mimi niliwahi kufikiri hivyo hivyo. Lakini swali lako limeninyima usingizi siku mbili, na leo nimeona nikae nikuandikie.

Sisi wa Ngara, habari za Rwanda zililetwa na mto. Mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, nilikuwa na miaka 14. Bibi yako alitukataza kuteka maji ya Kagera na hakutuambia sababu. Tuliijua kwa wavulana waliokwenda kuchungulia maporomoko ya Rusumo wakarudi kimya, hawataki hata kula. Kisha mwishoni mwa Aprili watu wakaanza kuvuka daraja, robo milioni hivi ndani ya siku moja, wakajaa Benaco, kambi ya wakimbizi. Tuliwapokea wote, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua. Hayo ya nani kamfanya nini nani sikuyaelewa wakati ule. Zile maiti zilizoletwa na mto hazikuwa na majina, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo Rwanda niliyoijua.

Mwandishi wa Rwanda, Scholastique Mukasonga, ndiye aliyenipa majina. Alizaliwa mwaka 1956. Alipokuwa mtoto wa miaka minne, familia yake ilihamishwa kwa nguvu pamoja na Watutsi wengine, wakatupwa Nyamata kule Bugesera. Mwaka 1973 alifukuzwa shule akakimbilia Burundi. Wazazi wenyewe ndio waliotaka aende, ili abaki walau mtu wa kuwakumbuka. Mwaka 1994 alikuwa tayari anaishi Ufaransa, na huko nyumbani wakauawa ndugu zake 37, mama yake akiwamo. Kitabu chake cha kwanza, cha 2006, alikiita Inyenzi, maana yake mende, kwa kuwa hilo ndilo jina waliloitwa kabla ya kuuawa.

Cha kukujibu swali lako ni kile kilichofuata, La femme aux pieds nus, mwanamke aendaye peku. Kinamhusu mama yake, Stefania. Nilikisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, polepole sana. Nilijiandaa kulia toka ukurasa wa kwanza, nikakuta mtama: unavyopandwa, unavyolindwa, unavyosherehekewa ukikomaa. Nikakuta wanawake wanakaa uani kuchambua uzuri wa mabinti wa jirani na nani amwoe nani. Nikakuta Stefania asiyeweza kuizoea nyumba ya bati, akahangaika mpaka akapata inzu yake, nyumba ya majani iliyosukwa kama kikapu, ndipo moyo ukatulia. Na katikati ya hayo yote, mama huyo huyo halali vizuri. Kila siku anawaza watoto watajificha wapi askari wakija, watapita njia gani kufika Burundi. Mwanangu, mimi ni mama. Nilimfahamu Stefania kuliko ninavyowafahamu baadhi ya shangazi zako.

Kuna jambo Stefania alikuwa akiwasisitizia mabinti zake: siku nikifa, nifunikeni kwa nguo yangu, maiti ya mama haitazamwi, na kazi hiyo ni yenu ninyi mabinti. Mukasonga hakuwepo kumfunika. Anasema amekuja kumfunika kwa maneno.

Nilikisoma mara ya kwanza nikapita. Mwaka jana bibi yako alipofariki, tulipomaliza kumwosha, mama mmoja wa jirani akaniambia, "Wewe ndiye binti, funika." Nikachukua ile kanga yake ya zambarau, unaikumbuka, nikaanza miguuni. Visigino vyake vilikuwa na nyufa za shamba. Nikapandisha mpaka kidevuni, mikono ikasita, kisha nikamfunika uso. Usiku ule nilikitafuta kitabu kabatini nikasoma tena ukurasa ule. Mimi nilipewa nafasi ile, na mwenzangu aliikosa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wanaandika vifo tu, mimi naona wanaandika akina mama, mashamba na majiko. Kifo ndicho kilichovamia.

Soma pia riwaya yake, Notre-Dame du Nil, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Ni ya shule ya wasichana juu milimani, karibu na chanzo cha Nile, wakati wa ile sheria ya kuwapa Watutsi nafasi moja katika kila kumi. Kuna msichana anataka kuivunja pua ya sanamu ya Bikira Maria, kwa sababu anaona ni pua ya Kitutsi. Pua ya sanamu! Pale ndipo nilipoelewa kwamba ile maiti ya mtoni ilianza safari miaka ishirini kabla, bwenini, kwa wasichana wanaochana nywele. Na maji yanayotoka kwenye vilima vile ndiyo haya yanayopita kwetu Rusumo.

Mwandishi mwingine wa Rwanda, Beata Umubyeyi Mairesse, ananizidi umri kidogo tu. Alikuwa na miaka 15 alipovushwa kwenda Burundi pamoja na mama yake, wamejificha ndani ya msafara wa watoto, tarehe 18 Juni 1994. Kitabu chake Le Convoi, cha 2024, kinasimulia miaka aliyoitumia kutafuta picha zilizopigwa siku hiyo, na kuuliza picha ya mtu ni mali ya nani. Nilifikiri kamera zilizojaa Benaco. Sijui hata mmoja wa waliopigwa picha aliyewahi kuonyeshwa uso wake.

Nimempa kondakta wa basi la Jumamosi kifurushi chako. Mna unga wa muhogo, karanga, na kitabu cha Stefania. Alama za penseli humo ni zangu, usizifute. Kitabu nimekifunga kwenye kanga. Ile ya bibi ilikuwa doti: kipande kimoja kilikwenda naye, hiki ni cha pili. Usikifue kwanza, bado kina moshi wa jiko lake.

Mama yako