Kuhusu kuta za Machu Picchu na kuta zetu za Kadutu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala mliyoichapa majuzi kuhusu majengo ya Wainka wa Peru, makala iliyowasifu watu hao kwa kurasa mbili nzima, kisha mwishoni ikawanyang'anya sifa zote kwa kuuliza kama hawakuwa majitu au viumbe wa kutoka nyota nyingine waliowanyanyulia mawe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa ujenzi. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wa Bukavu, hapa mashariki mwa Kongo, kuchora misingi na kuta, na swali hilo la majitu nimelisikia darasani mara nyingi mno. Naliona ni swali linalowavunjia mafundi heshima yao, tena linayapeleka macho ya msomaji mahali pasipo na siri yoyote.

Kuhusu mawe, jibu lilikwisha kupatikana. Jean-Pierre Protzen, profesa wa usanifu wa majengo huko California, alikwenda Peru katika miaka ya 1980, akaingia katika machimbo ya kale, akaokota mawe magumu ya mtoni kama yale yaliyokuwa yametapakaa pale tangu enzi za wenyewe, akaanza kuponda nayo jiwe la kujengea. Jiwe lilichongeka kwa mkono, bila chuma, na alama zilizobaki juu yake zilifanana na zile zinazoonekana kwenye kuta za Wainka hadi leo. Kuhusu uchukuzi, machimbo ya Kachiqhata yako ng'ambo ya mto Urubamba ukiyatazama kutoka Ollantaytambo, mji mwingine wa Wainka, na kwenye njia ya kuteremkia bado yamelala mawe makubwa yaliyoachwa safarini, ambayo wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Kiumbe mwenye uwezo wa kuruka kutoka nyota hadi nyota hangeacha mzigo wake njiani. Anayeuacha ni binadamu aliyeishiwa nguvu, au aliyefikiwa na habari kwamba kazi imesimama.

Kilichonifanya nishike kalamu si mawe. Katika kurasa zile mbili, Bwana Mhariri, neno maji halikuandikwa hata mara moja.

Machu Picchu, mji wa Wainka ulio maarufu kuliko yote, ulijengwa katika karne ya 15, wakati wa mfalme Pachacuti, juu ya mgongo mwembamba wa mlima ulio karibu mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, katikati ya vilele viwili, huku mto Urubamba ukizunguka chini kabisa bondeni. Mvua huko hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kuizidi hata hii inayotunyeshea sisi. Mtu yeyote aliyewahi kujenga Kadutu, huku kwetu mlimani Bukavu, anajua mahali kama pale pangemtendea nini. Hata hivyo mji ule uliachwa katika karne ya 16, ukakaa zaidi ya miaka 300 bila serikali, bila fundi wa kuziba ufa na bila mtu wa kuzibua mfereji. Na Hiram Bingham, mtafiti wa Marekani, alipofikishwa pale na wenyeji mwaka 1911, alikuta msitu umeota juu ya nyumba, lakini sehemu kubwa ya kuta na matuta ilikuwa bado imesimama ilipowekwa.

Mhandisi wa maji wa Marekani, Kenneth Wright, akishirikiana na mtaalamu wa mambo ya kale wa Peru, Alfredo Valencia Zegarra, alianza katika miaka ya 1990 kuupima mji huo kama mhandisi anavyoupima mradi wa leo. Alikadiria kwamba takriban asilimia 60 ya kazi yote ya ujenzi wa Machu Picchu imefichika chini ya ardhi. Naomba msomaji aitafakari hesabu hiyo kwa muda. Kuta tunazozipiga picha, milango iliyopungua upana kwenda juu, mawe yaliyobanana hata kisu kisipenye, yote hayo ni sehemu ndogo ya jasho lao. Sehemu kubwa waliizika, wakijua kwamba hakuna atakayeiona.

Walizika nini? Chukua tuta moja la kilimo. Kwanza hujengwa ukuta wa mawe ulioinama kidogo kuegemea mlimani. Nyuma ya ukuta huo, chini kabisa, humwagwa mawe makubwa. Juu yake hufuata kokoto, kisha changarawe na mchanga, na mwisho kabisa udongo mweusi wa kupandia. Mvua ikinyesha, maji hupenya udongo taratibu, huchujwa na mchanga ili yasichukue rutuba, huteremka kwenye kokoto, hufika kwenye mawe makubwa na kwenda zake chini kwa chini, bila kupata nafasi ya kukusanyika na kuusukuma ukuta. Ukiangalia vizuri utaona kwamba tuta lile lina kazi mbili kwa wakati mmoja, kwani ni shamba na pia ni dawa ya mmomonyoko. (Kwa kuwa tumetaja shamba, viazi tunavyoviita vya kizungu vilizaliwa katika milima hiyo ya Andes, na wazungu wenyewe walivipokea huko kama sisi tulivyovipokea kwao.)

Uwanja mkubwa wa katikati ya mji nao umelalia tabaka nene la vipande vya mawe, yale mabaki ya wachongaji ambayo sisi tungeyatupa mtoni au kuyaacha barabarani mpaka mtu ajikwae. Kwa hiyo ule uwanja wenye majani mazuri ni chujio kubwa. Kwenye kuta za mji mzima watafiti walihesabu matundu ya kutolea maji zaidi ya 100, yaliyopangwa tangu siku jiwe linawekwa, si yaliyotobolewa baadaye kwa tindo baada ya ukuta kuanza kulia. Na kati ya upande wa mashamba na upande wa makazi ulichimbwa mfereji mkuu unaoteremka moja kwa moja hadi nje ya mji, ambao haukujengewa nyumba juu yake.

Maji ya kunywa yalipewa njia yake ya peke yake. Yalitoka kwenye chemchemi ubavuni mwa mlima kwa mfereji mwembamba wa mawe wenye urefu wa mita 749, ambao uliweza kubeba hadi lita 300 kwa dakika ingawa chemchemi yenyewe haikutoa kiasi hicho, kwa maana fundi mwangalifu huacha nafasi kwa siku asiyoijua. Yakiingia mjini yaliteremka kupitia vituo 16 vya kuchotea, kila kimoja na birika lake dogo la jiwe, na cha kwanza kilikuwa kwenye makazi ya mfalme. Mfalme alikunywa kabla ya watu wengine, jambo ambalo nadhani halitamshangaza msomaji yeyote wa nchi yetu.

Sasa nirudi nyumbani. Mwenye parseli, yaani kiwanja, mlimani huku kwetu huchimba mlima, husawazisha mahali pa nyumba, hujenga nyumba, huhamia, hubatiza mtoto, na ndipo hukumbuka kwamba nyuma ya nyumba kuna ukingo wa udongo mwekundu uliosimama wima. Huita fundi, naye husimamisha ukuta wa mawe na simenti, huupaka rangi, na kila apitaye husifu. Nyuma ya ukuta huo hurudishiwa udongo uleule wa mfinyanzi, umeshindiliwa kwa miguu. Mwezi wa Septemba mvua hurudi, udongo hunywa maji na kuvimba, maji hayana pa kutokea, na ukuta hutoa tumbo. Mafundi wetu hutumia neno hilohilo, kwamba ukuta umetoa tumbo, na neno ni sahihi kabisa. Ukiliona tumbo hilo, hamisha watoto.

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Ukuta wangu mwenyewe wa kwanza, mimi niliyekuwa nikichora matundu ya kutolea maji ubaoni kila mwaka, ulianguka. Nilikuwa nimeuwekea matundu yake yote kwa kipimo. Jirani yangu wa chini, mama mmoja mpole sana, akapanda kwangu asubuhi moja baada ya mvua na kuniambia, "Mwalimu, haya maji yako yananiingilia mpaka jikoni, nifanye nini?" Alikuwa na haki. Jawabu lilikuwa kuchimba mfereji kwenye mpaka wetu na kuuteremsha hadi barabarani, lakini mfereji huo ungepita kwenye parseli za watu wengine wawili, na mmoja wao alikataa. Basi nikafanya jambo la aibu: nikachukua simenti, nikayaziba matundu. Mvua ya msimu uliofuata haikuwa kubwa kuliko nyingine. Ukuta ulitoa tumbo mwezi wa Machi, na mwezi wa Aprili, usiku, ukalala juu ya jiko lilelile nililotaka kulihifadhi. Mungu alisaidia, hapakuwa na mtu ndani.

Kosa langu halikuwa la simenti. Nilikuwa na elimu ya kutosha, na mawe, na fedha kidogo. Nilichokosa ni njia ya maji iliyo ya wote. Wainka waliichora njia hiyo kabla ya kugawa mahali pa nyumba. Sisi tunagawa parseli kwanza, kisha kila mtu anamsukumia maji yake aliye chini yake, mpaka yanafika kwa mnyonge wa mwisho aliye kando ya kijito, ambaye hana wa kumsukumia.

Najua nitajibiwa kwamba mlima wao ni wa jiwe la matale na wetu ni wa udongo wa mfinyanzi, nami nakubali. Najua pia kwamba kuna mahali ambapo matundu ya ukuta hayawezi kitu. Pale Funu, hapahapa Bukavu, mlima wenyewe husogea polepole, na wanasayansi wanaufuatilia hata kwa picha za setilaiti. Hapo ushauri wa kweli ni kutojenga. Na maji yaliyoshuka Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, mwezi wa Mei 2023, yakaua watu zaidi ya 400, hayangezuiwa na ukuta wa mtu mmoja. Lakini kuta zinazoanguka moja moja kila msimu katika avenyu zetu, zile ambazo hazifiki hata redioni, nyingi zake zinaanguka kwa sababu ndogo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeweza kuieleza.

Kuna jambo jingine ambalo makala ililipita juu juu, nalo ni nguvu kazi. Wainka walikuwa na utaratibu wa zamu ulioitwa mit'a, ambapo kila jamii ilitoa watu wa kufanya kazi za dola kwa muda fulani. Nisingependa tuupambe utaratibu huo kupita kiasi, kwa kuwa ulikuwa wa lazima, na Wahispania walipoushika waliugeuza kuwa mateso katika migodi ya fedha ya Potosí. Wazee wetu waliofanyishwa kazi za lazima wakati wa ukoloni wangeuelewa upesi. Hata hivyo kuna mabaki yake ya hiari. Kwenye mto Apurímac lipo daraja la kamba za majani liitwalo Q'eswachaka, ambalo jamii nne za jirani hulisuka upya kila mwaka mwezi wa Juni. Wakati wa korona hawakulisuka, na mwaka 2021 likakatika. Wakakutana tena, wakasuka jingine.

Nasi tuna salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa. Naomba, kupitia gazeti lenu, mashefu wa avenyu na wapimaji wa ardhi wafikirie salongo moja tu ya mwezi wa Agosti, kabla ya mvua, isiyo ya kufagia barabara bali ya kutembea mlimani kutoka juu hadi chini, mtu na jirani yake, kutafuta maji ya kila parseli yanakwenda wapi, kuzibua makanivo, ile mitaro ya barabarani, yaliyojaa chupa na mifuko, na kuweka alama mahali ambapo mfereji utapita na hakuna atakayeruhusiwa kujenga hapo. Gazeti nalo lingesaidia sana kama, badala ya picha nyingine ya jiwe lenye pembe kumi na mbili, lingechapa mchoro wa tuta lililokatwa kati, ukionyesha mawe, kokoto, mchanga na udongo kwa mpangilio wake. Mchoro ninao, nitauleta ofisini kwenu bure.

Ukuta wangu wa pili nimeujenga baada ya miezi minane ya mazungumzo na yule jirani aliyekuwa amekataa. Una matundu kumi na manne, nyuma yake kuna kokoto na mchanga, na chini yake unapita mfereji hadi barabarani. Mvua ya kwanza matundu yalitoa maji ya tope kwa siku mbili, nami sikulala. Siku ya tatu yakatoka meupe, na sasa yule mama wa chini huweka ndoo yake kwenye mfereji na kukinga maji ya kuoshea vyombo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu wa ujenzi,
Kadutu, Bukavu